Mate ya Mama Furaha

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi niliyoiweza kuliko zote ilikuwa kuona kinyaa. Maziwa yakishika utando sinywi. Kiti kikiwa bado na joto la mtu aliyeinuka sikai. Chakula kikiguswa na kidole cha mwingine, hata kidole cha mama yangu mzazi, basi sili tena. Bibi alikuwa akisema nimezaliwa na roho ya paka, na hakuwa akinisifu. Kwa hiyo fikirieni nilivyojisikia siku mama aliporudi kutoka mjini na boksi lenye matundu, limejaa vifaranga wa siku moja, akaniambia kwamba kuwawekea makaa ya joto kutakuwa kazi yangu.

Tuliishi Bukoto, kwenye vyumba vya kupanga vilivyotazamana, ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Baba alikuwa askari polisi na muda mwingi alipangiwa lindo mikoa ya mbali. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa kutoka kaskazini ili asaidie nyumbani. Vifaranga walikuwa mpango wa mama peke yake: wakue, watage, mayai yao yatusomeshe hata baba akikawia. Aliwaweka kwenye kibanda cha mabati tulichopikia, akazungusha maboksi, akatandaza maganda ya kahawa, na katikati akaweka chungu cha makaa ya kuwapa joto. Mimi nilitakiwa kupiga magoti ndani ya lile duara asubuhi na jioni, nitoe majivu, nitie makaa mekundu.

Hapo kwenye kupiga magoti msipite haraka. Maganda ya kahawa yakilowa mavi ya kuku yanachacha, na uchachu ule unapanda puani na kukaa huko mpaka wakati wa chakula. Unaweka goti, linazama. Unaweka mkono, kitu cha uvuguvugu kinaingia kati ya vidole. Siku ya tatu nilikwisha kupata ujanja. Nilisimama nje ya boksi, nikarusha vipande vichache vya makaa chunguni, nikavifunika kwa majivu mpaka chungu kikaonekana kimejaa. Hakuna aliyechungulia. Yalikuwa majira ya mvua, na kibanda cha mabati wakati wa mvua ni baridi tupu.

Chumba cha tatu kutoka chetu aliishi Mama Furaha, mjane Mkongo aliyekimbia vita na binti yake mdogo. Alikuwa akipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akiuza mlangoni pake kila jioni. Ua mzima ulikula kwake. Hata mimi, na roho yangu ya paka, sombe ya Mama Furaha niliila. Ndicho chakula pekee cha mtu wa nje nilichokikubali, na yeye alilijua hilo, akawa ananiwekea ukoko wa chini.

Siku ya pili tangu vifaranga wafike, Mama Furaha alikuja kuwaona. Alichuchumaa, akatabasamu, akaanza kuwahesabu kwa kidole, kwa sauti. Bibi alikunja uso pale pale. Kwao kiumbe kichanga hakihesabiwi. Anayekihesabu ana jicho, na jicho hilo linaziba: likimtazama mtoto mchanga, hapati choo mpaka tumbo linavimba anakufa, na likitazama kifaranga ni hivyo hivyo. Bibi alisubiri mgeni aondoke, halafu akatupa majivu mlangoni kulifukuza lile jicho.

Siku ya tano vifaranga walianza kusinzia wamesimama, mabawa yameshuka. Bibi alimshika mmoja, akamgeuza, akaniita nitazame ili nijifunze. Sitasahau. Mavi yalikuwa yamekauka juu ya mavi, yamegandamana na manyoya mpaka yamekuwa donge gumu la kijivu, na tundu lenyewe halionekani. Tumbo lilikuwa limevimba, ngozi imekuwa nyembamba, rangi ya buluu inaonekana kwa ndani.

"Umeona?" alisema. "Amezibwa."

Kisha akaona kitu kingine. Chini kidogo ya lile donge, tumboni, palikuwa na kiuzi cheusi kilichokauka. Huo, alisema, ndio uzi wenyewe waliofungiwa. Akaushika kwa kucha mbili, akauvuta. Ulitoka, na nyuma yake kikatoka kitu cha majimaji, cha njano, chenye harufu ya yai viza. Nilitapika kwenye beseni la nguo ambazo mama alikuwa amekwisha suuza. Bibi alivuta nyuzi nne kabla mama hajaingia na kumzuia, na vifaranga wote wanne walikufa mkononi mwake.

Mchana ule ua wote ulijua. Dawa ya jicho ilijulikana pia: mwenyewe aje ateme mate juu ya alichokiziba. Akikataa, amejionyesha. Akikubali, amejionyesha vile vile. Nikifikiria leo, sioni mahali Mama Furaha angepitia.

Alikuja na mikono yenye kijani cha sombe, akawasikiliza wanawake waliomzunguka, hakubishana. Aliomba apewe kifaranga. Alimgeuza, akamtazama bibi kwa heshima, maana alikuwa mkubwa kwake.

"Iyi haiko uzi, mama. Iko kitovu yake," alisema. "Ukivuta, matumbo inatoka."

Aliomba maji ya uvuguvugu, kitambaa laini na mafuta kidogo ya kupikia. Akakaa chini, chini kabisa, juu ya yale maganda. Donge la mavi hakulibandua, alilifunika kwa kitambaa chenye maji na kungoja lilainike, kisha akalifuta polepole, akachovya tena, akafuta tena, mpaka tundu likaonekana. Kifaranga kikajikaza, kikamwagia kiganjani uji wa siku nzima. Mimi niligeuza uso. Yeye alicheka kidogo, akapangusa mkono kwenye kitenge, akamkausha, akampaka mafuta, akaomba mwingine. Waliodhoofika aliwawekea pembeni, akawachovya midomo kwenye maji yenye sukari na punje za chumvi. Kwao, alituambia, alikuwa na kuku wengi kabla ya kukimbia.

Alipomaliza aliweka kiganja juu ya chungu. Hakukitoa. Angekitoa haraka kama chungu kingekuwa na moto.

"Hii chungu inalala baridi," alisema. "Nani anaangaliaka makaa?"

Mama alinigeukia. Nikasema naweka kila siku, asubuhi na jioni. Wala sikutetemeka. Mama Furaha alinitazama usoni, halafu akayatazama magoti yangu. Yalikuwa masafi. Akainama, akachochea makaa mwenyewe.

Alikuja siku mbili mfululizo, asubuhi na jioni, kuwaosha na kuwawekea moto. Vifaranga wakaanza kudonoa, wakaanza kukimbizana. Mama alimshukuru mpaka machozi yakamlenga. Lakini bibi na wanawake wa ua walisimama mlangoni siku ile ya pili jioni, wakamwambia sasa ateme mate, amalizie.

"Nikitema, mutaniacha?" aliuliza.

"Tutakuacha," bibi akajibu.

Akatema. Mate yenyewe yalikuwa machache, mdomo wake ulikuwa mkavu. Yaliangukia mgongo wa kifaranga mmoja aliyekuwa akila, yakabaki pale kwenye manyoya, povu dogo jeupe. Ndivyo alivyojimaliza. Kwa kuwa vifaranga walikuwa wamepona, ua wote ulipata ushahidi: aliyewazibua ndiye aliyewaziba, angejuaje vinginevyo? Angekuwa hajui kuwatibu, wangemsema kidogo wakasahau. Alichoponzwa nacho ni kujua.

Jioni hiyo sufuria ya sombe ilibaki imejaa. Kesho yake pia. Nilipita mlangoni pake siku ya tatu, akaniita, akanyoosha bakuli lenye ukoko wa chini, akaniambia nile, ni wa bure. Nilitazama ukoko, nikatazama mdomo wake, nikaona lile povu jeupe kwenye manyoya. Nikamwambia nimeshiba. Mimi niliyeacha moto uzimike, mimi niliyedanganya mbele yake, ndimi niliyemwonea kinyaa. Alirudisha bakuli taratibu.

Kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kweli, yeye na binti yake walikuwa wameshahama. Tulisikia wako upande wa Bugolobi, anafulia watu nguo. Kuku wa mama walikua, wakataga, wakatusomesha kama alivyopanga. Nilisoma kwa mayai yale miaka mingi na sikuwahi kusema habari za majivu. Bibi alikufa akiamini alitukomboa. Sikumsahihisha, na sina hakika kama ni upendo ulionizuia au ni ule ule uoga wa kuonekana magoti.

Sasa mimi ni mama mtu mzima na nina vifaranga nyuma ya nyumba yangu. Watu wanadhani kinyaa kimenitoka. Hakijanitoka, kimehama tu. Mavi ya kuku hayanifanyi kitu siku hizi, napiga magoti ndani ya maganda mpaka sketi inalowa, na kitovu cha kifaranga nakiacha kidondoke chenyewe. Kinachonitia kichefuchefu ni nikikumbuka sauti yangu ya miaka tisa, nyepesi, yenye adabu, ikisema nimeshiba.

Mwezi uliopita jirani alipoteza vifaranga saba, akaja kuniuliza wangu wanaponaje. Nilimwambia ahakikishe wana joto, nikampa na maji ya uvuguvugu, nikamwonyesha kwa maneno namna ya kuwaosha. Aliniomba nije nimfanyie mwenyewe. Nilisema nina kazi. Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaondoka na ndoo yake.

Wangu nawaosha kila asubuhi, mmoja mmoja, bila haraka. Ila kabla sijamshika wa kwanza, nafunga mlango.