Viatu vya Mholanzi na Zamu Kumi na Tisa

Chumbani kwetu Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi Dubai, walisema sitaweza. Mganda aliyelala kitanda cha juu yangu alisema mlinzi hapigi kinanda cha kanisa, hufungua mlango wa kanisa. Kijana wa Tanga, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, akaongeza, "Ndugu yangu, miguu hiyo iliumbwa kusimama. Iache isimame." Leo diploma yangu imetundikwa sebuleni kwangu Eldoret, na Jumapili watu hutoka parokia nyingine kuja kunisikia. Sijisifu bure. Waulizeni.

Mwalimu wangu alikuwa Mholanzi mzee aliyeishi katika jengo nililolinda Bur Dubai. Kila asubuhi alitoka na mfuko wa kitambaa wenye viatu vyeusi, vyembamba. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema ni vya kupigia kinanda. Nikajigamba kwamba nyumbani nilipigia kwaya.

"Kwa mikono tu?"

"Kwa mikono tu, sir."

"Basi unajua nusu."

Maisha yake aliyasimulia vipande vipande, tukiwa tumeketi kwenye kinanda cha kanisa alikopiga kwa kujitolea. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Alipokuwa mtoto, miguu yake haikufika kwenye kanyagio, ile safu ya mbao inayopigwa kwa miguu, na baba akamgongomea vipande vya mbao chini ya viatu. Alisoma, akashinda mashindano, akapiga katika makanisa makubwa ya nchi nyingi, kisha akarudi kanisa la mji wao na kukaa miaka thelathini. Waumini wakapungua mpaka akawa anavipigia viti. Kanisa likauzwa, likawa duka la vitabu. Mkewe alipofariki, binti yake aliyefanya kazi Dubai akamchukua. Hakulalamika hata kidogo. "Kidole cha nne," alikuwa akisema. "Ndipo kanisa likauzwa. Cha nne, nimesema."

Siku ya kwanza nilipanda na buti za kazi. Kila nilipokanyaga, sauti mbili zililia kwa pamoja. "Hapa hatuui mende," akasema. Toka hapo nikawa napiga kwa soksi.

Shida ilikuwa muda. Kanisa lilikuwa wazi kwetu asubuhi tu, nami asubuhi nilikuwa kazini. Walinzi tulikuwa na desturi ya kukopeshana zamu: mwenzako aliye mapumzikoni anavaa beji yako na kusimama mahali pako, nawe utamlipa siku yako ya mapumziko. Kampuni ilikataza. Mkikamatwa, khalas, nyote wawili mnapanda ndege kurudi makwenu. Wale wale walionicheka wakanikopesha. Zilifika zamu kumi na tisa, zote deni.

Mtahini wa diploma niliyojiandikisha alitoka ng'ambo kwa asubuhi moja tu. Nikiikosa, nisubiri mwaka mzima, na mkataba wangu ungekwisha kabla. Asubuhi hiyo, kwenye basi la kampuni, habari zikaenea kwamba wakubwa wangepita kukagua beji. Kijana wa Tanga alikuwa tayari amevaa yangu. Nikamwambia anirudishie.

"Ukibaki," akasema, "zile zamu zote tulisimamia nini? Nenda bwana."

Mholanzi alinisubiri mlangoni mwa kanisa, mfuko wake wa kitambaa mkononi. Akanipa viatu vyake. "Soksi zinateleza. Ni mkopo."

Nikaanza kupiga. Katikati, simu ikatikisika ndani ya koti nililoweka kando yangu. Ikatikisika tena. Nikamwona kijana wa Tanga uwanja wa ndege na begi lake, mama yake akiuliza amekosa nini. Mguu wangu wa kushoto ukakosa noti moja. Nikaendelea, jasho likinidondoka, mpaka mwisho. Mtahini akaandika muda mrefu bila kuinua kichwa.

Nje nikasoma ujumbe. "Msimamizi amepita. Amenisalimia kwa jina lako." Na wa pili: "Anasema umenenepa."

Nilifaulu, tena kwa daraja la juu. Kisha kwa miezi mitano sikujua siku ya mapumziko, nikilipa zamu za watu. Zamu ya kumi na tisa nilimsimamia kijana wa Tanga, na alipokuja kuchukua beji yake aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," akicheka peke yake.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda Al Jaddaf, ambako Mholanzi na binti yake walikuwa wamehamia. Vidole vyake havikuweza tena kupiga. Nilimkabidhi viatu nilivyovipaka rangi vizuri. Akavigeuza, akatazama soli. "Kushoto umekanyaga kwa nguvu mno," akasema. Akavivaa pale pale, akaketi, na miguu yake ikaanza kutembea juu ya zulia bila sauti. Niliutambua muziki ule. Ulikuwa wa mtihani wangu, na pale nilipokosa, yeye hakukosa.