Ndege za Manowari Katika Posa ya Ibra

Chekeni mmalize kabisa, maana mkasa huu hata kuusimulia masikio yananiwaka. Nilikwenda mji wa Ibra, huku nchi ya Waarabu, na ami yangu Seif kumposa Zuwena, na siku zile redio zote ni vita vya Waingereza kule visiwa vya mbali, basi sablani, ukumbi wa wageni, kwa babake Zuwena, halwa na kahawa zikizunguka, watu wakawa wanabishana: kwenye manowari ya kubeba ndege, bora ndege inayotua wima au ya kawaida?

Ningelinyamaza. Lakini nilitaka mkwe anione mtu (mtu wa kambi ya jeshi, ati!), na pembeni alikaa mwenyeji mmoja, hanjari kiunoni, katusalimu kwa Kiarabu tu, nikasema moyoni huyu hakukulia Uswahilini kama sisi, hatufahamu, nikamwaga Kiswahili: ya wima haitaki sitaha ndefu, inashuka kama kuku anavyoruka kutoka ukutani, ila kule kuning'inia hewani inakunywa mafuta, haibebi mabomu mengi wala haifiki mbali, ya kawaida inabeba na inafika, lakini inataka meli kubwa, irushwe kwa mtambo, ikirudi inaswe kwa waya, na rubani akiukosa waya ni bahari.

"Umeyajuaje haya?" akauliza babake Zuwena.

"Sisi wa kambini tuna siri zetu."

Yule mwenyeji akaweka kikombe chini. "Siri zipi, mwanangu?" Kiswahili cha Bujumbura, safi, cha mtu aliyekulia huko. "Mimi mjomba wake Zuwena, na kazi yangu jeshini ni kuwatafuta wanaotoa siri. Sema, nakusikiliza."

Wallahi niliogopa. Nikaiona jela, nikamwona mama kule kwetu Nizwa akiningoja mlangoni. Ami Seif anaitazama halwa tu. Nikayatoa yote mbele ya wazee, kwa sauti nyembamba: mie mweka stoo, kazi yangu mablanketi, ndege naziona zikipita, na ya manowari nimeyasikia redioni na kuyasoma gazetini kwa kinyozi. Nyuma ya pazia wanawake wakacheka.

Mjomba hakucheka. "Blanketi si siri," akasema. "Lakini mtu anayejigamba kwa siri asiyokuwa nayo, siku akiipata ya kweli atafanyaje?"

Babake Zuwena akatumiminia kahawa, akatuombea njia ya salama, na posa ikaishia hapo. Muda mrefu baadaye, kila gari likisimama mlangoni kwetu, nilidhani ni watu wa jeshi wamenifuata.

Sasa nikiingia sabla yoyote, iwe Sur au Bahla, namsalimu kila mtu kwa Kiswahili kwanza, mmoja mmoja, nisikie nani atajibu. Na ndege ikipita juu, siinui hata kichwa.