Mkia Uliopinda

Hadi leo nikinusa rangi ya kucha, jasho hunitoka. Majira yale ya joto, jikoni kwetu Ingleburn, kitongoji cha Sydney, Mama aliitumia ile isiyo na rangi kuziba kichwa cha chambo alichokuwa akikifunga, na kwa kuwa manyoya ya jogoo hupeperuka hata kwa kupiga chafya, feni ilizimwa, madirisha yakafungwa, nami nikaamriwa kukaa kitako. Sikuwa mtoto wa kukaa kitako. Nje malori ya maghala yalinguruma, watoto wa jirani walimwagiana maji kwa mpira, nami mapaja yangu yamenata kwenye kiti cha plastiki. "Mum, it's too hot!" nililalamika. Mama hakuinua macho. "Juu ya nini unahangaika?" alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Ikala kwanza," yaani kaa kwanza.

Chambo chenyewe kilimwiga mdudu mkubwa wa mtoni, mwenye mabawa yaliyosimama na mikia mitatu mirefu, anayekufa karibu mara tu apatapo mabawa. Wavuvi wa burudani hufunga mfano wake kwenye ndoana kwa uzi na manyoya ili kumhadaa samaki. Mama alijifunza kazi hiyo ukimbizini Nairobi, kabla sijazaliwa, katika karakana iliyouza vyambo ng'ambo, na hakuwahi kuona hata samaki mmoja akidaka chambo chake. Aliyedakwa ni Baba, mkaguzi wa pale. Baba alipima mikia kwa njiti ya kibiriti. Mkia ukizidi au ukipinda, chambo kilirudi kwa mwenyewe bila huruma. "Wengine walikuwa wananisifu, wanapita," Mama alipenda kusimulia. "Yeye alikuwa anaangalia."

Tulikuja Sydney bila Baba, kwa sababu faili lake la uhamiaji lilikwama, na subira tuliyoambiwa huvuta heri ilivuta miaka. Simu zikawa fupi, kisha zikawa za adabu: mko salama, Mungu awabariki, asante. Mama alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia pale Liverpool ya Sydney, na hata akirudi nyumbani mikono yake haikutulia. Tulipoambiwa Baba anakuja kweli, alitoa sandukuni jiliwa lake dogo la kubania, akalifunga ukingoni mwa meza, akabana ndoana, akaanza. Alifunga, akakata kwa wembe, akafunga tena, siku baada ya siku, nami nikimwomba Mungu Mama amalize ili feni iwashwe. Alasiri moja kikatoka chambo kisicho na kasoro, mikia yote mitatu imenyooka sawasawa. Niliruka kwa furaha. Mama akakitazama, kisha akaubana mkia mmoja kwa ukucha, akaupinda. Nikapiga kelele kama aliyeibiwa. "Wacha," akasema. "Nataka nijue kama ni yeye anakuja, ao ni mgeni."

Akaja mgeni. Sitaficha, nilichukizwa naye. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akashukuru kila kikombe cha chai, akaomba ruhusa kufungua friji. Mama alizidi kunyong'onyea. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu baada ya chai Mama akamwekea chambo mbele yake. Baba akakigeuza geuza. "Iko muzuri," akasema, akakirudisha mezani. Mama akageukia sinki, akafungua maji ilhali hapakuwa na chombo cha kuosha. Mimi nilishindwa kukaa, nikawa nazunguka meza. Ndipo Baba akainuka, akaanza kuvuta droo moja baada ya nyingine, bila kuomba ruhusa, akitafuta njiti ya kibiriti katika nyumba ambayo jiko lake hujiwasha lenyewe. Mwisho akachukua kijiti cha kuchokolea meno, akakivunja, akapima, akapima tena. "Mama Zawadi," akasema, akimwita kwa jina langu, na sauti ilikuwa nyingine kabisa, "hii mkia imepinda. Sikubali. Fungua, anza tena."

Mama alicheka mpaka akaketi sakafuni, na katikati ya kicheko akalia. Mimi nikakimbilia feni, nikaiwasha hadi mwisho. Manyoya yakaruka jikoni kote, wala hakuna aliyenigombeza.

Sasa naishi Lidcombe, upande mwingine wa Sydney, nina watoto ambao hawajawahi kuzimiwa feni, na nafanya kazi mahali ambapo kila mtu humsifu mwenzake bila kumwangalia. Nami niko vivyo hivyo: nasema vizuri, vizuri, huku nimeshika simu. Jumapili tukitoka kanisani tunapitia Ingleburn. Mama bado hufunga chambo mara moja moja, na bado huupinda mkia mmoja, kwani huo ndio mchezo wao. Juzi alimpa Baba kimoja. Macho ya Baba yameingia ukungu; alikisogeza puani, akakigeuza kuelekea dirishani, akatabasamu. "Iko muzuri sana, Mama Zawadi."

Mama akageuka. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimekwisha kushika funguo za gari, maana huwa nina haraka kila Jumapili. Nikaziweka chini. Nikavunja kijiti cha meno, nikakitoa chambo taratibu mkononi mwa Baba, nikapima.

"Hii mkia imepinda," nikasema. "Sikubali."

Mama akauvuta wembe. Nikaenda kuzima feni.