Tarehe ya Shughuli

Mtaalamu wa matangazo alikuja kutoka Nairobi na viatu vyeupe, wiki ya mvua, mji mzima wa Kisii ukiwa tope. Nilimdharau hapo hapo, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha. Kaka yangu alimvutia kiti kizuri kuliko vyote tunavyokodisha, akawa anamwita daktari. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Biashara yetu ni mahema na viti, vya harusi na matanga. Marehemu baba ndiye aliyetuachia, na mama anaishi kwayo. Lakini mpinzani wetu alikuwa ametunyang'anya wateja, na kaka aliapa kwamba matangazo ya mtandaoni yasipoleta kazi kabla ya Desemba, atamuuzia huyo huyo mahema yote. Mama aliposikia hayo alinyamaza siku nzima, naye si mtu wa kunyamaza.

Matangazo yenyewe yalikuwa hivi: mtu akitafuta mahema kwenye simu, letu linatokea juu. Akilibonyeza, tunatozwa, akodishe asikodishe. Nao walibonyeza kweli kweli! Walifungua ukurasa wetu, wakaanza kujaza fomu, halafu wakatoweka.

Mtaalamu hakukosa dawa. Kitufe cha kijani akakigeuza kuwa cha rangi ya machungwa. Akaweka picha ya bibi harusi anacheka. Akaweka saa inayohesabu kurudi nyuma, ili mteja aingiwe na hofu ya kukosa punguzo. Kisha akatengeneza tangazo la kumfuata kila aliyeondoka bila kumaliza fomu: popote afunguapo simu, limkute likimwambia, "Hongera! Imebaki hatua moja tu!" Kaka aliyasikiliza yote mdomo wazi. Sikujua nimdharau yupi zaidi.

Asubuhi moja akaingia dukani mwanamke wa makamo kutoka Ekerenyo, leso begani, simu mkononi. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

"Nyinyi ndio watu wa tenti?" aliuliza. "Hiyo tangazo yenu inanifuata. Mamangu amekufa, na kila nikifungua simu inaniambia hongera."

Nilimpa pole, nikamuuliza kwa nini hakumaliza fomu.

"Inataka tarehe. Bila tarehe haiendi mbele. Sasa mimi tarehe naitoa wapi? Wajomba wanasema ng'ombe za mamangu hazikuisha kulipwa. Mpaka wazee wasikizane, kaburi haichimbwi."

Nilitamani ardhi inimeze. Sisi ni Waislamu wa mjini. Kwetu mtu akifa asubuhi, jioni keshazikwa, na kaka alipoandika fomu ile aliweka "tarehe ya shughuli" mara tu baada ya jina na namba ya simu, bila kufikiri. Lakini tumezaliwa hapa! Tumekwenda matanga ya majirani tangu utotoni, tumewaona maiti wakingoja mochari huku wakwe wakibishana juu ya mahari. Wafiwa ndio wateja wetu wakubwa, nasi tuliwafungia mlango kwa swali wasiloweza kulijibu.

Mtaalamu aliinua macho kwenye kompyuta yake. "Lakini mama, si ungeweka tarehe yoyote tu?"

Alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Nimwekee mamangu tarehe ya uongo?"

Hakutaka hema tena. Alitaka tangazo lile liache kumfuata, basi, nami nikamwahidi litaacha.

Alipoondoka nilikifuta kisanduku cha tarehe mwenyewe, nikaandika mahali pake: "Tupigie hata kama siku bado haijapangwa." Simu zikaanza kulia wiki hiyo hiyo, mara Kenyenya, mara Kiogoro. Mahema hayakuuzwa, na mama akarudia kelele zake. Na mtaalamu? Alituletea mchoro wenye mstari unaopanda, akatufafanulia nguvu ya rangi ya machungwa, na kaka akamwongezea mkataba. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nilimwagiza alizime lile tangazo la kumfuata yule mama, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua kulizima. "Huyo ndiye mteja aliye karibu zaidi," alinijibu. "Ukimwacha, unamwachia mpinzani." Nikaenda kwa kaka. Kaka akasema mtaalamu anajua kazi yake.

Namba ya yule mama ilikuwa kwenye fomu aliyoiacha njiani, kwa hiyo nilimpigia nikajua siku ya mazishi, nikaenda Ekerenyo kumpa mkono. Uwanja mzima ulikuwa umefunikwa na mahema ya mpinzani wetu, meupe, yamekazwa vizuri. Alinishukuru kwa kuja. Alipotoa simu atazame saa, tangazo letu lilikuwa pale pale, bibi harusi anacheka, imebaki hatua moja tu. Alinigeuzia kioo nikione. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Waambie tarehe imepatikana," alisema. "Ni leo."