Kiwiko hakitumwi: Fundi wa stendi aliyemsahau mteja wa nyumbani

Saa kumi na mbili asubuhi, jikoni kwa Mama Kiwiko kuna kikaango kikubwa juu ya jiko, na ndani yake kunakaangwa mchanga.

Hujasoma vibaya, msomaji. Ni mchanga ule ule wa kujengea. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na miwili, aliyevaa ovaroli ya bluu iliyotobolewa na cheche, anaugeuza kwa mwiko taratibu kama anayeogopa kuunguza vitunguu.

Binti yake anapita akitafuta viatu vya shule, anachungulia kikaangoni. "Mama, chumvi umeshatia?"

"Nenda shule wewe, usinichokoze asubuhi yote hii," anajibu, lakini anacheka.

Mchanga huo utajazwa ndani ya bomba nene la chuma, uzuie mtetemo wa mashine itakayofungwa juu yake. Lazima ukauke kabisa, kwa sababu bomba litazibwa kwa kuchomelewa, na unyevu ukifungiwa ndani ukapata moto, mvuke wake unaweza kulipasua.

"Hapo hutahitaji stendi tena," anasema. "Utahitaji sanda."

Kazi yake ndiyo hiyo: kutengeneza stendi za chuma za kubebea jiriwa na grainda. Kwa asiyejua, jiriwa ni lile dude zito lenye taya mbili, fundi hulitumia kubana chuma anachotaka kukikata au kukipiga tupa. Grainda ni mashine yenye mawe mawili yanayozunguka, ya kunolea. Karakana nyingi huzifunga juu ya meza ya mbao iliyochoka, kisha watu wanashangaa kwa nini patasi zinaruka na vidole vinaumia.

Lakini stendi ya leo haina mteja wa kawaida. Ni ya mumewe. Nayo ni ya tatu, maana mbili za kwanza zilishindikana, na mwenyewe alishatamka mbele ya mashahidi kwamba hii nayo ikigoma, jiriwa lake liuzwe yaishe.

*

Mumewe mtaani wanamwita Fundi Pampu. Pampu yoyote ya maji iliyokataa kuvuta ilikuwa ikiletwa kwake, naye aliibana kwenye jiriwa, akaifungua, akaisemesha, ikakubali. Miaka mitatu iliyopita aliteleza akishuka mnara wa tangi la maji. Uti wa mgongo ukaumia. Tangu hapo anatembelea kiti cha magurudumu.

Wiki aliyotoka hospitali aliagiza bango lake la kazi lishushwe. Mpaka leo limeegemezwa uani, uso umegeuzwa ukutani, na hakuna mtu nyumba hiyo aliyeruhusiwa kuligusa.

Wakati huo Mama Kiwiko alikuwa akiuza nguo za mitumba. Mashine ya kuchomelea ilikuwa ya mumewe, yeye alikuwa akimshikia vyuma tu.

"Mitumba ikadorora, hospitali inadai, watoto wanakula," anakumbuka. "Nikaitazama ile mashine, nikapiga moyo konde. Nikasema, leo wewe na mimi."

Mwalimu wake alikuwa kitandani, dirisha wazi, yeye akiwa uani. Fundi Pampu hakuona kitu, alisikiliza tu. Chuma kinachochomelewa vizuri hulia kama mafuta yanayokaanga, kwa sauti moja isiyokatika.

"Nikikosea, nasikia sauti dirishani: 'Unakimbilia wapi? Sikiliza mafuta!' Ee, nilimchukia jamani! Lakini nilijifunza."

Stendi ya kwanza alimtengenezea fundi magari wa mtaa wa pili, ambaye grainda yake ilikuwa imefungwa kwa waya juu ya stuli, ikiwashwa inacheza ngoma. Rimu ya gari chini, bomba katikati, bamba juu. Grainda ikatulia tuli. Maneno yakasambaa, na leo mwezi ukiwa mzuri huuza stendi sita, saba. Msimu wa mvua hata mbili ni bahati.

Jina la Mama Kiwiko lilitokana na fimbo ya ufagio. Mumewe alimwambia mapema kwamba jiriwa likiwa juu sana bega linakufa, likiwa chini sana mgongo unakufa. Taya zake zinatakiwa ziwe usawa wa kiwiko cha anayelitumia. Basi kila anayeagiza stendi husimamishwa wima, akakunja mkono, na fimbo ikawekewa alama ya utepe kwenye kiwiko.

"Kuna mmoja aliniambia, 'Mama, nimekuja kuagiza stendi, suti sijaagiza.'"

Somo alilipata kwa aibu. Mteja mmoja alimtuma mdogo wake, kijana mrefu kama mlingoti, apimwe kwa niaba yake. Stendi ilipofika, mwenyewe alikuwa mfupi, ikabidi apande juu ya matofali ili apige tupa. Mtaa mzima ulikwenda kumtazama. Tangu siku hiyo Mama Kiwiko ana sheria moja, na wateja wake wanaijua kama salamu: kiwiko hakitumwi. Unataka stendi, njoo mwenyewe.

*

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Sheria hiyo aliivunja nyumbani kwake mwenyewe.

Alitaka kumshtukiza mumewe. Mchana mmoja Fundi Pampu alisinzia kwenye kochi, mkewe akanyata na fimbo yake, akapima kiwiko, akaondoka kwa ncha za vidole. Stendi ikawa tayari, imepakwa rangi, imefunikwa kwa shuka. Shuka lilipoondolewa, ikaonekana. Kochi lile linazama, kiti cha magurudumu hakizami. Jiriwa lilikuwa chini sana, na bomba la katikati liligonga magoti yake.

Alitengeneza ya pili. Safari hii alipima kwenye kiti chenyewe, mume akiwa hana raha, anatazama pembeni. Urefu ukawa sahihi, lakini miguu mitatu ya stendi ilizuia magurudumu yasisogee. Ili afikie kazi ilibidi ajikunje mpaka anatweta.

Fundi Pampu aliirudisha nyuma kwa mkono mmoja. "Kila siku nilikuwa nasema mimi ni mzigo, sasa nimepata ushahidi," alisema. Kisha akamwambia jambo ambalo mkewe hulisimulia huku akifuta macho kwa kiganja chenye masizi.

"Umepima kiwiko changu mara mbili, mke wangu. Mimi mwenyewe hujaniuliza hata mara moja."

Wiki nzima nyumba ilikuwa baridi. Fununu kwamba jiriwa huenda likauzwa zilimfikia fundi baiskeli wa jirani, naye akaanza kupita pale kila siku kuwajulia hali, macho kwenye jiriwa, kama fisi anayesubiri mkono udondoke.

Siku ya nane Mama Kiwiko aliketi chini uani, akaweka kipande cha chaki kwenye mapaja ya mumewe. "Baba, sijui. Nichoree."

"Nilidhani atakitupa," anasema. "Akakigeuza geuza. Halafu akaniuliza, 'Asiyeuliza hana ajifunzalo, wewe ulikuwa wapi siku zote?' Nikajua tumepona."

Alichora sakafuni akiwa ameinama kwenye kiti. Miguu yote akaifuta. Badala yake akachora bamba pana la chuma, la kulala chini kabisa. Bomba akalisogeza kwenye ukingo wa mbele wa bamba, mbali na magoti, na kutoka kwenye bomba akatoa mikono miwili: mmoja unaleta jiriwa mbele yake, mwingine unabeba grainda kushoto.

Mkewe aliona kasoro papo hapo. Stendi isiyo na miguu, yenye mkono umetokeza mbele, akiegemea jiriwa si itapinduka?

"Ndiyo maana bamba ni pana," alimjibu. "Mimi napanda juu yake na kiti changu. Uzito unaohitajika ninao, miaka mitatu umekaa bure."

*

Saa nne asubuhi, mchanga umeshapoa na kujazwa, bomba limezibwa, stendi imesimama uani. Mama Kiwiko anakaza bolti ya mwisho ya grainda. Fundi baiskeli naye amefika, kwa bahati tu, eti alikuwa anapita.

"Shemeji, hujambo? Leo kuna nini hapa?"

"Kama hujui," anajibu Mama Kiwiko bila kugeuka.

Fundi Pampu anatoka ndani. Amevaa shati lake la kazi, lile lenye doa la mafuta kifuani ambalo halijawahi kutoka. Magurudumu yanapanda juu ya bamba, anafunga breki za kiti, magoti yanapita chini ya jiriwa bila kugusa kitu. Anabana kipande cha shafti ya pampu, anachukua tupa. Anaisukuma mara moja, polepole, kama anayejaribu kina cha maji. Kisha tena. Mabega yanaanza kukumbuka.

Stendi haitikisiki. Anaegemea kwa nguvu zote, haipinduki.

Mkewe anaweka kikombe cha chai juu ya bamba la grainda, kimejaa hadi ukingoni. Ndicho kipimo chake kwa kila stendi. Anawasha grainda, kisha anageuka kutazama ukuta. Kwa stendi za wateja huwa anatazama kikombe. Hii imemshinda.

Fundi Pampu anafungua breki, anageuza kiti kushoto, ananoa patasi, cheche zinaruka mpaka kwenye viatu vya fundi baiskeli. Grainda inazimwa.

"Imeinama kidogo kushoto," anasema.

Mama Kiwiko anafumba macho. Mkono wake tayari umeifuata spana. "Wapi? Nitaifungua, nita..."

"Usiiguse! Hata mimi tangu nianguke nimeinama kidogo kushoto. Tunaelewana."

Mwanamke anakaa chini palepale, kwenye vumbi la chuma, anacheka na kulia kwa mpigo. Mumewe anainua kikombe, hakuna hata tone lililomwagika, anakunywa chai yake.

Fundi baiskeli anakohoa. "Kwa hiyo, kaka, lile jiriwa..."

"Haliuzwi. Tafuta lako, halafu njoo tukupime."

"Basi nipimeni kabisa, nikilipata msinisumbue tena."

Mama Kiwiko ananyoosha mkono kuchukua fimbo ya ufagio, lakini mumewe ameshaitwaa. "Lete kiwiko huku," anamwambia jirani yake. "Na viatu ulivyovaa, ndivyo unavyofanyia kazi? Usije ukatudanganya."

Sasa wanandoa hao wanataka kutengeneza stendi za mafundi wanaofanya kazi wamekaa, mume akichora, mke akichomelea. Fundi viatu mmoja mwenye kiti cha magurudumu ameshatuma salamu kuulizia. Amejibiwa aje mwenyewe, na aje na maneno yake pia.

Na pampu je, mume atazirudia? Mama Kiwiko anaulizwa swali hilo na kumtupia jicho mumewe, hajibu. Amejifunza kutomjibia.

Fundi Pampu anaiachia tupa, anapangusa mikono kwenye shati, kisha anatazama pembeni mwa ua.

"Mke wangu, lile bango limetazama ukuta vya kutosha."

Mkewe analigeuza, anapuliza vumbi. Rangi imefifia, herufi zinasomeka: PAMPU ZA AINA ZOTE. Analiinua na kulipeleka mlangoni, juu ya mlango, kwenye misumari yake ya zamani. Halafu anasita. Anashusha mikono, anageuka.

"Tulitundike wapi, Baba?"

Fundi Pampu anajisogeza hadi ukutani, ananyoosha mkono juu mpaka unapoishia, anaweka alama kwa chaki.

"Hapa," anasema. "Nataka niwe nalipangusa mwenyewe."