Hilarión Colque, Aliyeketi Mlangoni kwa Jirani

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1931 huko Qollpani, kijiji cha wachimbaji wa bati katika nyanda za juu za Bolivia, siku ya sikukuu ya mtakatifu ambaye alipewa jina lake. Baba yake, Nicanor Colque, alikuwa mpasua miamba mgodini. Mama yake, Saturnina, alikuwa na jicho moja. Majirani walisema alianguka. Hilarión alikua akijua kwamba hakuanguka, na akijua pia kwamba jambo hilo halisemwi. Akiwa na miaka kumi na sita aliingia mgodini. Alipofika ishirini na mitano alikuwa katekista, mume wa Gumercinda Poma. Hakuwahi kumpiga mkewe, na kwa muda mrefu aliamini kwamba hilo lilimtosha mbele za Mungu.

Wito wake haukuja kwa sauti kutoka mbinguni. Jumamosi moja ya Machi 1962, saa sita mchana, alikuwa anakunywa supu ya viazi aliposikia, ng'ambo ya ukuta wa udongo, jirani yake Basilia akipigwa na mumewe, Severo Anagua. Severo alikuwa mchimbaji mwenzake, na Hilarión ndiye aliyemsimamia mwanawe wa kwanza ubatizo. Gumercinda akamwambia, "Baba Leocadia, nenda. Mimi nikienda atanigeuzia mimi. Wewe ni mwanaume, atakusikia." Akajibu kwamba mambo ya mume na mke yana wenyewe. Baadaye kukawa kimya, naye akamaliza supu yake. Basilia alifariki Jumatatu.

Makaburini, padre alipomaliza sala, Hilarión, aliyekuwa miongoni mwa wabeba jeneza, alisema mbele ya watu wote: "Nilisikia. Nilikuwa nakula. Na safu yetu ile ya nyumba ina wanaume kumi na wanne. Hakuna aliye kiziwi." Baadhi yao walichukua makoleo wakaanza kufukia.

Tangu siku hiyo aliweka nadhiri: mwanamke akipigwa, hasa Jumamosi, siku ya pombe, yeye angekwenda kuketi kizingitini mwa nyumba ile, kofia magotini, mpaka mume atoke waongee. Hakuwaasa wanawake wavumilie, kama walivyofanya makatekista wengi wa wakati wake. Aliongea na wanaume, kule chini mgodini walipopumzika kutafuna majani ya koka, akiwasihi waende pamoja naye. Walimcheka. Walimwita Mama Hilarión, wakamtundikia sketi kwenye msumari wa kofia yake. Mmoja alimwuliza, "Mke ni wangu, wewe unaumia nini? Kwani unamtaka?" Akamjibu, "Sikumjia yeye, bwana. Nimekujia wewe." Severo, aliyefungwa kwa kifo cha Basilia akatoka gerezani baada ya miaka miwili tu na kuoa mke mwingine, Eduvigis, alimvunja Hilarión taya kwa teke pale pale kizingitini. Alipopona, alirudi akaketi. Katika miaka kumi na saba walimfuata wanaume watatu.

Wa kwanza wao alikuwa Donato Llanque, katekista kijana aliyemfundisha mwenyewe, na ambaye alilihubiri jambo hili kwa maneno matamu kuliko mwalimu wake. Hilarión alimpa binti yake, Leocadia. Julai 1979 Donato alimwua. Ilijulikana baadaye kwamba alikuwa akimpiga kwa miaka minne, na kwamba Leocadia alinyamaza ili kazi ya baba yake isiaibike. Mwandishi analiandika hili kwa shida. Mtumishi wa Mungu Hilarión aliacha kusali kwa sauti, akawa anasikiliza Misa akisimama nyuma kabisa. Gumercinda alipomwuliza kama bado anaamini, alisema hajui, ila Jumamosi bado zinafika. Akaendelea kwenda.

Alifariki tarehe 3 Mei 1984, mapafu yakiwa yamejaa vumbi la mgodi, bila kuona badiliko lolote. Padre alipomfariji kwamba Mungu ameiona kazi yake, alijibu kwa pumzi fupi: "Padre, msije mkaandika kwamba nilifaulu. Andikeni majina yao." Akataja wanawake tisa wa Qollpani waliokufa kwa kipigo, wa mwisho Leocadia.

Waumini husimulia kwamba mwezi uliofuata Severo aliinua mkono juu ya Eduvigis, akamwona marehemu ameketi mlangoni, na mkono ukakauka. Eduvigis, aliyeishi hadi uzeeni, alilikana hilo mbele ya mwandishi huyu. "Mimi sikuona mzimu, baba. Niliona wanaume sita wa safu yetu wameketi, wameshika kofia zao. Walikuwa wanaogopa. Lakini walikuja." Huo ndio muujiza pekee tulio nao, na haukudumu. Mwaka uliofuata wanawake wawili walizikwa Qollpani, na hakuna mwanaume aliyekuwa ameketi mlangoni kwao.

Basi anayesoma haya, akiwa mwanaume, asiombe kwanza imani ya Hilarión, maana yeye mwenyewe ilimpungukia. Wala asingoje ujasiri. Ainuke tu aende, na ampitie mwenzake njiani. Nyumba anaijua.