Hakuna Aliyejibu

Kwa fundi wa kompyuta pale mtaa wa Muhima nilimkuta mama mshonaji kutoka Niboye. Kompyuta yake ya zamani, tangu iwekewe programu mpya, ikilala haiamki. Fundi alikifunga kifuniko chake, akakifungua. Kioo kikabaki cheusi.

“Mama, sehemu ya programu inayoamsha kompyuta za namna hii wameiondoa. Wanaoitunza hiyo programu waliuliza kwenye mtandao kama iko mtu bado anazitumia. Hakuna aliyejibu.”

“Waliuliza kwa lugha gani?”

“Kiingereza.”

Mama aliipangusa kompyuta yake kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama anampangusa mgonjwa. “Mimi niko nayo kila siku,” akasema. “Wangebisha hodi.”

Sisi wengine kwenye benchi tulizitazama kompyuta zetu mapajani, za namna ileile. Kimya chetu kule mtandaoni, nadhani, ndicho walichokiandika kuwa jibu.